Nyongo ya Mzee Haisubiri Wiki Sita

Kila Idi ya kuchinja, hapa kwetu Bombo, Uganda, kuna kazi moja ambayo kijana hakabidhiwi mpaka wazee wauamini mkono wake. Si kuchinja, wala si kuchuna. Ni kutoa nyongo. Tumbo la mbuzi likishafunguliwa, mtoaji hunyamaza, huingiza vidole chini ya ini, hukishika shingoni kile kifuko cha kijani na kukikata taratibu pamoja na kipande kidogo cha ini, maana kikipasuka ini lote limeharibika na nyama iliyo jirani hailiki. Majirani zetu wa kabila la Waganda wanakiita akalulwe. Hata mtoto anayeshika miguu ya mbuzi anajua kwamba nyongo hutolewa mapema, ikiwa bado nzima.

Nimelifikiria sana jambo hilo tangu tumzike Shangazi. Alikuwa na miaka 78. Ugonjwa uliomwondoa ni kuvimba kwa ghafla kwa kifuko cha nyongo, ugonjwa ambao dawa yake ya msingi, operesheni ya kukitoa kifuko chenyewe, imekuwapo tangu mwaka 1882. Siwezi kuapa kwamba angepona. Ninachoweza kusema ni kwamba njiani alipita vituo kadhaa, na katika kila kimoja umri wake ulitumika kama sababu ya kutofanya lililopaswa kufanywa. Ndilo ninalotaka tulizungumze, kwa sababu kila nikilisimulia kwa watu wa Arua, Jinja au Kibuli, hunijibu kwa kunisimulia mzee wao.

Maumivu yalimwanza Jumatano usiku, chini ya mbavu za kulia, yakatambaa mpaka begani kwa nyuma. Asubuhi akatapika, akakataa uji. Mjukuu akakimbilia duka la dawa. Nchini Uganda, yeyote anayeuza dawa huitwa musawo, yaani daktari, awe amesoma miaka mitano au miezi mitatu, na musawo wetu alisema ni alsa, yaani vidonda vya tumbo. Hilo ndilo jina la kwanza la kila maumivu ya juu ya tumbo nchini kwetu. Akapewa vidonge vya kupunguza asidi na ile dawa nyeupe ya maji. Ijumaa kliniki ya jirani ikapima malaria. Kipimo kikatoka hasi, akapewa dawa za malaria hata hivyo. Jumamosi ikawa zamu ya taifodi, kwa kipimo cha Widal, ambacho katika nchi yenye taifodi nyingi kinaweza kusoma chanya kwa mtu aliyeugua zamani na kupona. Kikasoma chanya. Sindano zikaanza.

Alsa, malaria, taifodi. Utatu huu umewachelewesha wazee wetu wengi kuliko umbali wa hospitali. Sisemi kwamba magonjwa hayo hayapo. Yapo, na yanaua. Lakini malaria haimshiki mtu mahali pamoja chini ya mbavu akashindwa hata kuvuta pumzi. Na maumivu ya kijiwe cha nyongo yana tabia yake inayojulikana: yakija na kuondoka ndani ya saa chache, mara nyingi baada ya mlo wa mafuta, ni kijiwe kilichoziba njia kwa muda kisha kikateleza. Yakizidi saa tano au sita bila kuachia, hasa yakiandamana na homa au kutapika, huenda mlango umefungwa na kifuko kimeanza kuvimba. Kuanzia hapo hakuna kidonge cha dukani kinachohusika tena.

Kifuko chenyewe ni kidogo, kinabeba nyongo ya vijiko viwili vitatu vya chakula, kazi yake kuikamulia kwenye utumbo tunapokula mafuta. Katika wagonjwa tisa kati ya kumi wa uvimbe huu kuna kijiwe kilichokwama shingoni mwake au kwenye kamrija kake kadogo. Kifuko hujaribu kukamua na mlango umefungwa. Ukuta unavimba, uvimbe unabana mishipa ya damu inayoulisha ukuta huohuo, vijidudu vinapata nyumba, na mwisho sehemu ya ukuta inakufa na kutoboka. Kwa kijana mwenye mishipa mizuri safari hiyo ina nafasi ya kuishia njiani. Kwa mzee, na zaidi mzee mwenye kisukari, damu inayofika pale ilikuwa haba tangu mwanzo, kwa hiyo ukuta huoza upesi zaidi.

Na hapa ndipo ugonjwa huu unapowadanganya hata madaktari wazuri. Vitabu vinafundisha alama ya Murphy, iliyopewa jina la mpasuaji John Benjamin Murphy wa Chicago: daktari anabonyeza chini ya mbavu za kulia, anamwambia mgonjwa avute pumzi, na pumzi inakatika kwa maumivu. Kwa kijana alama hiyo huonekana vizuri. Kwa mzee inaweza isiwepo kabisa. Tumbo linaweza kuwa laini. Kipimajoto kinaweza kusoma kama cha mtu mzima wa afya. Chembe nyeupe za damu zinaweza kuwa za kawaida huku ndani kuna usaha. Kinachoonekana badala yake ni mzee aliyeacha kula, aliyelegea, aliyeanguka akienda chooni, au aliyeanza kuwaita wajukuu kwa majina ya watu waliokufa. Nyumbani tunasema ni uzee. Shangazi alianza kuniita kwa jina la marehemu baba yangu siku ya tano, nasi tukacheka naye tukidhani anatania.

Siku ya sita tulimfikisha hospitali, moja ya zile kubwa. Jina lake silitaji kwa kuwa tatizo si lake peke yake. Walimpiga skani saa hiyohiyo. Skani ya ultrasaundi ndicho kipimo cha kwanza duniani kote kwa ugonjwa huu, haichomi, haina mionzi, na kwetu inapatikana katika miji mingi. Ilionyesha vijiwe, ukuta wa milimita 7 wakati wa kawaida hauzidi 3, na maji kuuzunguka. Ugonjwa ulikuwa umejulikana. Nilihisi afueni, kana kwamba kujulikana ni kutibiwa.

Daktari alikuwa mpole na msikivu. Alituambia, kwa Kiingereza, kwamba kwa miaka 78 na presha aliyonayo kisu ni hatari. Tumpoze kwanza kwa dripu na antibayotiki, uvimbe ushuke, arudi baada ya wiki sita tuone. Sote tulitikisa vichwa. Maneno hayo yalikuwa yaleyale tuliyokuwa tukiyataka: kwamba mzee hatakatwa. Baada ya siku tano homa ilishuka, akaomba samaki, tukamrudisha Bombo na kikaratasi cha tarehe.

Alikaa nyumbani siku kumi na tisa. Usiku wa siku hiyo ya kumi na tisa maumivu yalirudi, na kufikia alfajiri tumbo lote lilikuwa gumu kama ubao. Alipasuliwa usiku uliofuata, kwa haraka, akiwa na shinikizo la damu lililoanguka. Kifuko kilikuwa kimetoboka. Aliishi siku nne. Tarehe iliyoandikwa kwenye kile kikaratasi ilifika katika wiki ya tatu baada ya maziko.

Sasa, hili la kupoza kwanza halikubuniwa Uganda, na si ujinga. Kwa miaka mingi wapasuaji wa nchi nyingi walifundishwa kwamba nyongo iliyovimba ni kama jipu jekundu: nyama imevimba, mipaka haionekani, damu inatoka ovyo, na mrija mkuu wa nyongo unaweza kukatwa kwa makosa. Hata upasuaji wa matundu madogo, unaofanywa kwa kamera, ulipoenea katika miaka ya 1990, baada ya Mjerumani Erich Mühe kuufanya kwa nyongo mara ya kwanza mwaka 1985, wengi waliona kwamba uvimbe wa ghafla si wakati wake. Subiri utulie, kisha ingia. Ni fikra yenye mantiki, ikapimwa, na kipimo kikaikataa.

Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la Ujerumani na Slovenia, wagonjwa 618 katika hospitali 35. Nusu walipasuliwa ndani ya saa 24 tangu walazwe. Nusu walipewa antibayotiki na kupasuliwa kati ya siku ya 7 na ya 45. Waliopasuliwa mapema walipata matatizo karibu 12 katika kila 100. Waliopozwa, zaidi ya 34. Walikaa hospitali muda mrefu zaidi, na gharama yao ilikuwa kubwa zaidi.

Utaniambia hao hawakuwa wazee wote. Basi tuwatazame wazee. Marekani watafiti walifuatilia rekodi za watu karibu 30,000 wenye miaka 66 na zaidi, waliolazwa kwa ugonjwa huu kati ya 1996 na 2005. Robo yao waliruhusiwa kwenda nyumbani bila kupasuliwa. Ndani ya miaka miwili, 38 katika kila 100 ya hao walirudi hospitali kwa sababu ya nyongo ileile. Waliopasuliwa walipolazwa mara ya kwanza, waliorudi ni 4 katika kila 100. Na hiyo ni Marekani, ambako anayerudi hupanda gari la wagonjwa na kufikia kitanda chenye oksijeni. Kwetu anayerudi hupanda boda boda usiku akiwa kati ya dereva na mwanawe.

Mimi nakubali kwamba kuna wazee ambao kweli hawangehimili kupasuliwa, na huenda baadhi ya hiyo robo ndio hao. Takwimu za rekodi haziwezi kuwatenganisha kikamilifu. Lakini tofauti ya 38 na 4 ni kubwa mno kuielezea kwa hilo peke yake. Kupoza hakuiondoi operesheni. Kunaihamisha kutoka asubuhi ya siku ya kazi, mgonjwa akiwa amepewa maji na presha imetulizwa, kwenda saa nane usiku mgonjwa akiwa anazimika. Mzee anaogopewa kwa kuwa ni dhaifu, kisha anapewa operesheni ngumu zaidi ya zile mbili.

Ndiyo maana Jumuiya ya Dunia ya Upasuaji wa Dharura, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, ilisema wazi kwamba umri peke yake si sababu ya kumnyima mtu operesheni hii, na kwamba ifanyike mapema: ndani ya siku 7 tangu alazwe na siku 10 tangu maumivu yaanze. Shangazi alifika siku ya sita. Muda ulikuwapo.

Kuna njia ya katikati ambayo ndugu wenye uwezo huiulizia, nayo ni mrija. Daktari akiongozwa na skani hupitisha mpira mwembamba kwenye ngozi, kupitia ini, mpaka ndani ya kifuko, usaha utoke. Mgonjwa hapewi usingizi, ni ganzi tu ya ngozi. Ukiisikia, unaona ndilo jibu la mzee. Waholanzi walifikiri hivyohivyo, wakapima. Katika hospitali 11 za Uholanzi waliwachukua wagonjwa 142 walio katika hatari kubwa, wastani wa umri wao miaka sabini na kitu, wakawagawa kwa kura: hawa wapasuliwe kwa matundu, wale wapewe mrija. Jaribio hilo, lililopewa jina la CHOCOLATE na kuchapishwa mwaka 2018, lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu tofauti ilikuwa dhahiri. Waliopasuliwa walipata matatizo makubwa 12 katika kila 100. Waliopewa mrija, 65. Mirija ilichomoka, iliziba, nyongo ikavimba tena, na wengi ikabidi warudiwe. Katika vifo tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha lolote, na ni vizuri kulisema hilo, kwa sababu wapo wanaolinukuu jaribio hilo kana kwamba mrija unaua.

Tusiichukue Uholanzi tukaipandikiza hapa bila kufikiri. Wagonjwa mahututi kabisa hawakuingizwa kwenye jaribio lile. Pia wapasuaji wake walikuwa na mitambo, madaktari wa usingizi na vyumba vya uangalizi maalumu. Kwa mzee ambaye figo zimegoma, presha imeshuka na pumzi ni ya kubahatisha, mrija bado ni msaada halali, ukipatikana mtu wa kuuweka. Lakini somo lake kwetu naliona hivi: ikiwa njia ile ya upole, mikononi mwa watu wenye kila kifaa, iliwatesa wazee kuliko kisu, basi sisi wenye vifaa vichache hatuna msingi wa kudhani kwamba jambo dogo ni salama kwa kuwa ni dogo. Mrija unaotunzwa nyumbani kwa mwezi mzima, mbali na aliyeuweka, ni jambo kubwa.

Kuhusu mitambo, kuna kisingizio kimoja kinachoniudhi. Watu husema upasuaji wa matundu uko Mulago, hospitali ya rufaa ya taifa mjini Kampala, na hospitali chache za binafsi, kwa hiyo huko mikoani mzee asubiri. Asubiri nini? Carl Langenbuch alipotoa kifuko cha nyongo mara ya kwanza, Berlin, Julai 1882, hakuwa na kamera wala antibayotiki. Mgonjwa wake alikuwa mwanamume wa miaka 43 aliyeteseka kwa muda mrefu, na alipona. Kwa zaidi ya karne moja dunia nzima ilifanya operesheni hii kwa kidonda cha wazi chini ya mbavu. Matundu ni bora, hasa kwa mzee: kidonda kidogo, anapumua vizuri, anatembea kesho yake, nimonia inamkosa. Yakiwepo, yatumike. Yasipokuwepo, mpasuaji wa hospitali ya rufaa ya Mbale, Lira, Fort Portal au Mbarara anayejua kufungua tumbo anajua kutoa nyongo. Na akiikuta imevimba vibaya mpaka haioni mipaka, miongozo ya leo inamruhusu, tena inamhimiza, asishindane nayo: atoe sehemu kubwa ya kifuko, avikombe vijiwe, aache kitako kinachong'ang'ania karibu na mrija mkuu, aweke mpira wa kutolea maji na afunge. Kujua pa kuishia ni sehemu ya ufundi.

Nisiwaonee madaktari wetu. Nimekaa wadini vya kutosha kujua wanafanya kazi katika hali gani. Chumba cha upasuaji cha kituo cha afya daraja la nne kina kazi moja kuu, akina mama wanaoshindwa kujifungua, na hakuna anayeweza kusema wao wapishe. Watoa usingizi ni wachache. Damu huisha. Mpasuaji mmoja hukaribisha ajali ya boda boda, utumbo uliojisokota na mtoto aliyeungua katika usiku mmoja. Katika foleni hiyo bibi wa miaka 78 ambaye homa imeshuka kidogo ndiye rahisi kumwambia arudi. Halalamiki. Halii kwa sauti. Hapo ndipo ninapolisema langu: foleni hiyo inapangwa kwa kelele, na ugonjwa huu kwa wazee hauna kelele.

Kuna mambo ambayo hayangoji bajeti mpya. Mzee yeyote anayefika na maumivu ya tumbo, au anayefika amechanganyikiwa na ameacha kula, asitoke hospitali bila mtu kumwekea skani chini ya mbavu za kulia. Muuguzi au afisa wa kliniki anaweza kufundishwa kuona kijiwe na ukuta mnene. Hahitaji kuwa bingwa wa mionzi kwa hilo. Kituo kinachotoa rufaa kiandike tarehe ambayo maumivu yalianza, si tarehe aliyofika, kwa sababu siku zinahesabiwa kutoka hapo na ndugu wakifika wamechoka hawakumbuki. Na ikiwa kwa sababu ya kweli mzee amepozwa, basi asipewe kikaratasi cha wiki sita na kuachwa. Apewe siku, namba ya simu ya wadi, na orodha fupi ya dalili za kumrudisha usiku huohuo: maumivu kurudi, homa, macho ya manjano, kuchanganyikiwa, kutapika.

Chama cha Wapasuaji wa Uganda huandaa kila mwaka kambi za upasuaji wa bure huko mikoani, na watu hujitokeza kwa ngiri na uvimbe wa shingo. Nyongo iliyowaka leo haiwezi kungoja kambi. Lakini mzee mwenye vijiwe ambavyo vimekwisha kumuuma mara tatu nne na sasa vimetulia, huyo ndiye wa kuitwa kwenye kambi, apasuliwe akiwa na nguvu zake. Nitie neno hapa kabla sijaeleweka vibaya: vijiwe visivyouma havina haja ya kisu. Watu wengi wanavyo na watakufa navyo kwa ugonjwa mwingine. Akikuambia mtu mwenye mashine ya skani kwamba utolewe nyongo kwa kijiwe kilichoonekana kwa bahati ukipimwa kitu kingine, muulize kwanza kinakuuma lini.

Na tafadhali, ule ujumbe wa WhatsApp wa kunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau usiku ili asubuhi vijiwe vitoke, tuache kuwatumia wazee. Umenifikia mara nne mwaka huu, mara moja kutoka kwa mwalimu. Mwaka 2005 madaktari wa New Zealand walivichunguza vitu hivyo vya kijani ambavyo mgonjwa wao alivileta akiamini ni vijiwe vyake. Havikuwa na kolesteroli wala kalisi. Vilikuwa vitonge vya sabuni, vilivyotengenezwa tumboni na mafuta yenyewe na limau. Kifuko kilichovimba ukikipa nusu kikombe cha mafuta unakiamuru kikamue na mlango umefungwa.

Fedha ipo katika kila neno la habari hii. Ada za hospitali za serikali zilifutwa mwaka 2001, na watu wa kijijini walifaidika kweli. Ila anayeuguza anajua kinachobaki: glovu, nyuzi, dripu, dawa iliyoisha stoo, skani ya nje mashine ya ndani ikiwa mbovu, chakula cha mwangalizi, nauli. Muswada wa bima ya afya ya taifa ulipita bungeni mwaka 2021 na haukugeuka sheria. Mzee aliyeandikishwa katika mpango wa serikali wa posho ya wazee hupata shilingi 25,000 kwa mwezi. Hebu iweke hiyo karibu na bei ya operesheni ya binafsi mjini Kampala, kisha umsikilize mzee anaposema hataki kutibiwa. Ng'ombe mmoja zizini ni karo ya wajukuu, naye anajua hesabu kuliko wewe. Mara nyingi anaposema, mimi nimeshakula chumvi nyingi, niacheni, anakulinda wewe. Ni lazima tujifunze kutofautisha mzee aliyechoka na maisha na mzee anayeogopa kuwa mzigo.

Basi nani apasuliwe na nani aachwe? Swali ni halali, na mimi si katika wanaodhani kila mzee apelekwe chumba cha upasuaji. Jibu linaloaminika zaidi halitoki kwenye cheti cha kuzaliwa, ambacho wazee wetu wengi hata hawana. Madaktari wa wazee wa Kanada, akiwemo Kenneth Rockwood, walitengeneza kipimo cha unyonge ambacho leo kina ngazi 1 mpaka 9. Hakihitaji mashine. Kinauliza mtu huyu alikuwaje wiki mbili kabla ya kuugua. Alitembea peke yake? Alioga mwenyewe? Alijua fedha zake ziko wapi? Mzee wa miaka 85 aliyekuwa akilima anaweza kukihimili kisu kuliko mtu wa miaka 66 ambaye kwa mwaka mzima hajatoka kitandani, na kwa huyu wa pili kumwondolea maumivu na kukaa naye kunaweza kuwa ndiyo tiba.

Wiki mbili kabla ya ile Jumatano, Shangazi alikuwa akisuka tabaga la harusi ya mjukuu, yale makawa yetu ya rangi ya kufunikia chakula, na kulisuka kunataka macho na vidole. Alikwenda sokoni kwa miguu. Alikuwa amefunga Ramadhani yote. Presha alikuwa nayo na dawa zake alizijua kwa rangi. Hakuna hata moja ya habari hizo iliyoandikwa kwenye faili lake, kwa sababu hakuna aliyeiuliza, nasi hatukuitoa. Faili liliandika: mwanamke, 78, presha.

Siku ile ya uamuzi tulikuwa watu watano kando ya kitanda. Daktari alizungumza Kiingereza, ambacho Shangazi hakukijua. Alikuwa na Kinubi, Kiswahili na Kiganda, lugha tatu, na daktari hakutumia hata moja pale. Mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri, na niliwatafsiria kaka zangu. Alinivuta mkono wa shati akaniuliza, "Wanasema nini?"

Nikamjibu, "Wanasema utapona, Shangazi."